Mfuko wa Upande wa Kushoto

14 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana. Iligonga mabati kidogo, ikanyamaza, kisha ikarudi na nguvu zake zote. Kama Polycarpe angekuwepo, angetoka mbio kuweka kopo lake la margarini uani apime maji, halafu angeingia na viatu vya matope nami ningemgombeza. Nilikaa kimya nikisubiri mlio wa kopo. Mvua ilipokatika nilifungua sanduku la nguo zake.

Tangu tumzike mume wangu mwezi wa nne sikuwa nimeligusa. Nguo nzuri ndugu waligawana siku ya kumaliza matanga. Zimebaki zile ambazo hakuna aliyezitaka, na moja niliyoificha. Joviale, mke wa mwanangu Delphin, ana mimba ya miezi sita. Nimeamua kumshonea mjukuu blanketi la viraka kwa nguo za babu yake. Hatamwona babu, lakini atalala ndani ya nguo zake.

15 Septemba

Mvua. Umeme hakuna.

19 Septemba

Nimetandaza nguo kitandani ili nichague. Suruali ya kaki aliyofundishia darasa la tatu, magoti yamekuwa membamba kama karatasi. Pijama ya mistari ya buluu. Tai mbili. Kitenge cha kwaya. Foronya aliyolalia wakati wa ugonjwa niliiweka kando. Ile siwezi kumpa mtoto.

Joviale alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Maman, ile suruali ya kaki usiiweke karibu na kichwa ya mutoto. Itamuamusha saa kumi na moja aende ku masomo."

Tulicheka sote wawili. Ni mara ya kwanza tangu matanga.

Baadaye alikuja jirani yangu Madeleine, mkubwa wa shirika letu la kanisa. Alileta shati la mwanawe aliyeko Lubumbashi, ati blanketi lipate rangi nyekundu. Nilimrudishia.

"Nguo ya mutu mwenye kuwa mu safari haikatwe, Maman Madeleine. Mama yangu alikuwa anasema, ukikata nguo yake, umekata njia yake."

"Mutoto yangu alienda na avion! Njia gani utakata kule juu?"

"Sikati."

"Basi nitapangusia nayo meza."

Hatapangusia. Nilimwona akilikunja taratibu, mkono juu ya mkono, akalibana kwapani na kwenda zake.

27 Septemba

Nimefua lile shati nililolificha, pamoja na la Delphin. Ni kitambaa kimoja, kijani chenye ndege kanga wenye madoa meupe. Familia nzima tulikivaa siku ya ndoa ya Delphin na Joviale. Wanawake tulishona magauni. Wanaume walikuwa watatu, basi mashati matatu: la Polycarpe, la Delphin, na la Xavier, mtoto wa Agnès, dada yake Polycarpe anayekaa Kalehe. Aliyeyashona ni Télesphore wa soko la Kadutu, na alijivuna sana, kwa sababu kila mfuko una kanga mmoja mzima, tangu kishungi hadi mkia.

"Mushonaji mwingine angemupitisha ndege mukasi ku shingo," alisema. "Miye sichinje."

Polycarpe alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Utotoni walimu walimpiga rula kwenye vidole, wakachoka wao, yeye hakubadilika. Kwa hiyo Télesphore alimwekea mfuko upande wa kuume, ili mkono wake uufikie. Mashati mengine mawili yana mfuko kushoto, kama ya watu wote. Tofauti nyingine hakuna. Baba na mwana walikuwa na mabega mamoja.

Nimeyaanika ndani ya nyumba, kwenye kamba moja. Nje hakukauki kitu.

6 Oktoba

Delphin ameondoka kabla ya mapambazuko. Anapanda boti hadi Minova kununua maharage ya kuuza. Barabara ya Kalehe watu wanaiogopa, wanasema kuna bunduki. Alivaa gizani. Umeme hakuna, na simu hakutaka kuiwasha asimalize betri. Nilimsikia akipapasa kamba. Nikamshika mkono wa shati nikasikia ni lile la kanga.

"Unajipamba kama bwana arusi kwenda kununua maharage?"

"Mama, nikivaa muzuri banaogopa kuniibia. Siku tano tu."

8 Oktoba

Ujumbe wa Delphin: amefika. Joviale amecheza ndombolo jikoni na tumbo lake lote.

11 Oktoba

Mvua kubwa, mchana mweusi kama magharibi. Nililitoa shati la kijani kambani, la Polycarpe, nikalilaza kifudifudi juu ya meza. Sikutaka kuliona upande wa mbele. Mwezi wa mwisho wa ugonjwa vile vifungo nilimfunga mimi, kimoja kimoja, naye akiangalia dari kwa aibu. Nilianza na mgongo. Mkasi uliingia kirahisi. Kisha mikono. Sehemu ya mbele niliikunja bila kuitazama, nikaitia kwenye kikapu cha vipande.

Nililia kidogo, lakini kilio kizuri.

14 Oktoba

Delphin hajarudi. Simu yake haiiti.

15 Oktoba

Haiiti.

17 Oktoba

Madeleine amesikia bandarini kwamba mtandao umekatika Minova, wanapigana milimani, na boti zimekatazwa. Ametuambia huku akitabasamu sana. Tabasamu lile limeniogopesha kuliko habari.

20 Oktoba

Nimeunga kaki na pijama. Joviale halali vizuri, miguu imevimba. Kila pikipiki ikisimama barabarani tunanyamaza sote wawili, na ikiondoka tunaendelea na mazungumzo kama hatukunyamaza.

24 Oktoba

Lazima niandike.

Joviale alikaa mbele yangu, miguu juu ya kigoda, akaomba kazi. Nilimpa kikapu avipange vipande. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano.

"Maman, hii ya kijani ni ya nani?"

"Ya papa."

"Ya papa mufuko iko kuume."

"Ndiyo, kuume."

"Hii iko kushoto."

Nilimwambia ameigeuza. Alichukua vile vipande viwili vya mbele, akaviweka juu ya kifua chake, akafunga kifungo kimoja katikati. Kanga alikaa juu ya moyo wake. Kushoto. Nilisogea, nikauweka mkono wangu pale, kama kipofu.

"Delphin alivaa ya papa," alisema polepole. "Alivaa mu giza."

Kisha aliangalia mkasi. Siku ile nilipokuwa nabishana na Madeleine yeye alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno.

"Ulikata, Maman."

"Nilikata."

"Siku gani?"

"Ile siku ya mvua kubwa. Baada ya ile message yake."

"Baada ya message." Alisimama kwa shida. "Miye nilisoma, Maman. Hizo ni mambo ya bazee. Nguo ni nguo."

"Ndiyo, binti yangu."

"Nguo ni nguo!"

Jioni nilitafuta mkasi, sikuuona. Ameufunga ndani ya kitambaa, akauweka juu ya kabati, mahali nisipofika.

25 Oktoba

Sijala. Nimesema rozari, lakini vidole vinahesabu tu, moyo unarudi kwenye meza. Naona mgongo wa shati ukifunguka. Mgongo! Kama ningeanza upande wa mbele ningeuona mfuko. Nilijihurumia, nikaogopa vifungo vichache, na sasa.

26 Oktoba

Kilichokatwa kinaweza kuungwa. Hilo mama yangu hakulikataza.

Nimefumua nilichokwisha kushona. Shati la Delphin litakaa katikati ya blanketi, kila kipande mahali pake: mbele ya kulia kulia kwake, ya kushoto kushoto kwake, mikono imenyooshwa, mgongo utakuwa upande wa chini. Nguo za baba yake zitamzunguka pande zote kama ukuta. Mfuko nitauacha wazi. Uzi naukata kwa meno.

30 Oktoba

Simu haiiti. Joviale amekaa karibu nami, ananishikia taa. Hakuuliza kwa nini tunalirudisha shati jinsi lilivyokuwa. Amesema tu, "Hapa unganisha vizuri, Maman. Kuna nafasi."

2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Kanisani wanaandika majina ya kuombewa. Karani aliniuliza, "Ni Polycarpe peke yake?" Nilisema peke yake, kwa sauti kubwa mpaka watu wakageuka.

5 Novemba

Mkono wa kuume wa shati umemalizika.

8 Novemba

Upepo wa kutisha. Bati la Madeleine limeng'oka na kuanguka uani kwetu. Kutoka hapa mlimani ziwa lilikuwa jeupe lote.

9 Novemba

Wanasema boti moja ilitoka Minova kwa kujificha, imejaa watu, na upepo umeipindua kabla ya Kalehe.

10 Novemba

Hakuna anayenunua sambaza, dagaa wa ziwa letu, sokoni. Wauzaji wamekaa na mabeseni yaliyojaa, hawaiti mtu. Kila mmoja anajua kwa nini, hakuna anayesema.

11 Novemba

Joviale alikuwa amekwenda kupimwa mimba. Madeleine aliingia bila hodi, simu ameikumbatia kifuani.

"Mama Delphin, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri."

Ilikuwa picha, inazungushwa ili ndugu wawatambue watu wao. Mwanaume amelazwa kwenye mchanga. Uso wameufunika kwa jani la mgomba. Shati la kijani, limelowa, limekuwa karibu jeusi. Lakini mfuko ulionekana vizuri, na kanga wake mzima, kishungi hadi mkia. Kazi ya Télesphore.

Madeleine alikuwa ameshaanza kulia na kunishika mabega. Nilimsukuma. Niliirudisha picha, nikaikuza kwa vidole kama Joviale alivyonifundisha. Mkono wa maiti. Vifungo. Mfuko.

"Iko upande gani?" niliuliza.

"Nini?"

"Mufuko! Mufuko ya huyu mutu!"

"Kushoto, mama, kushoto, utafanya nini na mufuko…"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti. Delphin alikwenda na shati la baba yake, mfuko kuume. Shati la Delphin lilikuwa mezani kwangu, nimelikata kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimvuta Madeleine nikamwonyesha: "Iko hapa! Angalia, iko hapa!" Naye alianza kunitazama kama mtu anayetazama kichaa.

Ndipo nikakumbuka kwamba mashati yalikuwa matatu.

"Nini tena?" aliuliza Madeleine.

"Xavier."

"Mutoto ya Agnès? Yule si iko Shabunda, anachimba zahabu?"

Ndiyo. Huko ndiko mama yake anakojua yuko.

12 Novemba

Nilitaka kusubiri kabla ya kumpigia Agnès. Nilijiambia mtandao ni mbaya, leo mvua, kesho. Kumbe yeye ndiye aliyepiga.

"Mulamu wangu," alilia wifi yangu Agnès. "Mulamu, nimeona ile picha. Delphin wetu! Mutoto ya kaka yangu!"

Aliongea peke yake. Watu wa kando ya ziwa walizika haraka, mstari mmoja, makaburi hayana majina. Alikwenda. Hakujua Delphin ni yupi, basi alipiga magoti kwa kila mmoja.

"Nimekulilia, mulamu. Nimemulilia mutoto yako pale kwa niaba yako, usifikiri alizikwa kama mutu hana batu."

Wakati ule ndipo niliposema, kwa sababu kunyamaza kulikuwa kumegeuka wizi.

"Agnès. Ile shati ya picha, mufuko iko wapi?"

"Kushoto… kwa nini?"

"Delphin alivaa shati ya Polycarpe. Ya mufuko ya kuume. Yake iko hapa kwangu."



"Basi huyu ni nani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya msichana.

"Xavier alikupigia lini, mulamu?"

Nilisikia kuku wake wakilalamika uani. Nilisikia mvua ya Kalehe. Kisha nilisikia kitu ambacho sitakiandika.

13 Novemba

Hatukupika.

16 Novemba

Imethibitika. Rafiki wa Xavier aliyepona amefika kwa Agnès. Anasema Xavier alitoka mgodini kwa siri akapitia Minova kununua mbuzi, amfurahishe mama yake kabla ya Noeli.

Joviale ameniuliza kama ni dhambi kushukuru. Nimemwambia sijui. Naye Delphin hatujamwona. Picha ile imetuambia nani amekufa, haikutuambia nani anaishi.

21 Novemba

Nimeunga kola. Shati limekamilika, limelala katikati ya blanketi, mikono wazi. Sasa naogopa kulitazama kwa sababu nyingine. Linafanana na mtu aliyelazwa mchangani.

28 Novemba

Yuko hapa! Amelala chumbani, anakoroma, Joviale amekaa mlangoni kama askari na hataki mtu apite.

Alifika saa ya chakula, amekonda, ndevu zimeota, amevaa shati la kanga, mfuko upande wa kuume. Niliushika mfuko kabla ya kumshika yeye. Barabara ilifunguliwa juzi, akapata lori la vitunguu. Alikuwa amelala kanisani Minova siku zote hizi.

"Na telefone?" Joviale alimpiga kifuani kwa ngumi mbili. "Telefone yako iko wapi, weye mujinga?"

"Iko mu ziwa. Siku niliyofika. Nilishuka ku boti, nikatuma message, nikaiweka mu mufuko, hivi." Alipeleka simu isiyokuwepo upande wa kushoto, juu ya moyo. "Mufuko haikuwa. Nilisikia tu *chubwi!*"

"Na telefone za batu bengine?"

"Namba yako sijue kwa kichwa."

"Miye bibi yako, hujue namba yangu kwa kichwa?"

"Weye unajua yangu?"

Tulicheka mpaka tukalia, na tulipofika kwenye kulia nilimpeleka Delphin uani nikamwambia habari za Xavier. Nilimwambia pia kuhusu mkasi. Aligeuka akatazama ziwa.

"Boti ile nami nilitaka kupanda," alisema. "Nilikosa nafasi."

Sijui nifikirie nini. Njia ambayo mkasi wangu uliikata ni ipi, ya kurudi nyumbani au ya boti ile?

6 Desemba

Agnès amekuja kutoka Kalehe. Amezeeka. Delphin alipomwamkia alimshika uso kwa mikono miwili na kumtazama sana, kisha akamwachilia kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Watu wa kando ya ziwa wamekataa kufukua makaburi. Basi ukoo utazika mgomba mahali pa mwili, kama walivyofanya wazee kwa mtu aliyepotea. Lakini mgomba unataka nguo ya marehemu, na nguo za Xavier zote zilikuwa kwenye boti.

Blanketi lilikuwa juu ya kiti, limebaki pindo tu. Agnès aliliona. Alilisogelea, akalitambua shati, akaingiza vidole ndani ya mfuko na kuviacha mle.

"Mulamu," alisema bila kugeuka. "Mashati ilikuwa kitambaa moja. Siku moja. Mushonaji moja. Nipe mufuko tu."

Kutoa kipande cha nguo ya mwanangu kiingie kaburini! Ningekataa. Lakini nilikumbuka magoti yake kwenye kila kaburi la mstari ule. Nilichukua wembe, lakini sikuweza kuugusisha uzi.

"Lete, Mama," alisema Delphin. "Hii shati ni yangu. Miye ndiye ninamupa."

Alipiga magoti kando ya kiti, akafumua mwenyewe, tundu moja moja, bila kuharibu kanga. Aliuweka mfuko kwenye kiganja cha shangazi yake na kukifunga.

"Xavier alinisimamia ku ndoa," alisema. "Aende nayo."

7 Desemba

Agnès amerudi Kalehe. Delphin alitaka kumsindikiza kwenye mazishi. Joviale alimtazama tu, nami nilimtazama. Amebaki. Nina aibu, lakini amebaki.

17 Desemba

Msichana. Tumemwita Priscille. Amezaliwa na vidole virefu vya Polycarpe.

20 Desemba

Blanketi limemalizika na mtoto amelala chini yake. Mahali mfuko ulipotoka pamebaki mraba mdogo ambao jua halikuufikia wala sabuni haikuuchosha. Shati lote limefifia, lakini pale kijani ni kile cha siku ya arusi, na madoa ya kanga ni meupe kabisa. Nilitaka kupaziba kwa kiraka cha kaki. Joviale amekataa.

"Acha, Maman. Atauliza, tutamwambia."

Mvua imeanza tena. Delphin amekwenda sokoni, na kabla hajatoka nilihakikisha amevaa shati gani. Nimekaa karibu na mtoto, kiganja juu ya ule mraba. Sitakiondoa mpaka nisikie mlango.